Daktari Kilonzo na Sahani Iliyorudi Tupu

Haya, wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Aliye jikoni aje. Mwenye jirani amwite jirani, maana maneno ya leo si ya kusikilizwa na mtu mmoja peke yake. Tunamkumbuka Daktari Josia Kilonzo, daktari wa watoto. Amezikwa Jumamosi iliyopita. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: Daktari Josia Kilonzo, daktari wa watoto wa Thika na Ruiru, amezikwa Jumamosi.

Na leo tumekasirika. Tusifichane.

Kule mazishini wakubwa walisimama mmoja baada ya mwingine, karatasi mkononi. Wa kwanza akasema marehemu alikuwa mtu mpole. Wa pili akasema mtu wa amani. Wa tatu akafuta jasho, akatangaza kwamba marehemu katika kazi yake yote "hakuwahi kugombana na mtu yeyote". Kwenye viti vya nyuma, walikoketi akina mama wa Ruiru, watu wakasonya. Walisonya kwa pamoja, kama kwaya.

Walisonya kwa haki. Daktari Kilonzo aligombana na watu miaka thelathini. Kwa watoto alikuwa mpole, ndiyo, mpaka wengine walimkojolea koti na akaendelea kuwachekea. Kwa wakubwa alikuwa pilipili. Na mtu aliyemkasirikia kuliko wote alikuwa yeye mwenyewe. Leo tutawaambia kwa nini. Wakubwa hawakuyasema hayo Jumamosi, na walikuwa na karatasi za kutosha.

Kilonzo alikuwa Mkamba wa Kangundo. Alisoma Makerere, akahitimu udaktari, akaletwa Thika mwaka wa 1954. Mnakumbuka ile ilikuwa miaka gani. Hali ya Hatari, serikali ya Waingereza ikipigana na Mau Mau. Wakikuyu wengi waliokuwa wakifanya kazi hospitalini walikuwa wamefukuzwa au kufungwa, nafasi zao zikajazwa na watu wa kutoka mbali. Kwa hiyo hapo Thika kulikuwa na daktari Mkamba, geti linalindwa na Mjaluo aitwaye Omondi, sista ni Mzungu, na wagonjwa ni watoto wa Kikuyu. Kila mtu anamwogopa mwenzake. Daktari akapewa wodi ya watoto. Alikuwa na miaka thelathini na moja, viatu vinang'aa, na kiburi kidogo. Hata mkewe, Mama Syokau, hakatai.

"Alikuwa anajua kila kitu," Mama Syokau alituambia. "Ukimwambia chai ina moto, anakueleza ni moto kiasi gani."

Sasa sikilizeni sheria ya ile wodi, maana jambo lote liko hapo. Mama haingii. Mama anamleta mtoto mpaka getini, anapokonywa, mtoto anaingia, mama anarudi kwao. Anakuja kumwona Jumapili, saa nane hadi saa tisa. Sista mkuu wa wodi alitembea na kengele mkononi, na saa tisa ikifika aliigonga. Akina mama walimpa jina: Bibi Kengele. Narudia: mama haingii. Ana saa moja tu, siku moja kwa wiki.

Na Kilonzo aliikubali sheria hiyo. Alifundishwa hivyo. Mama huleta uchafu, mama hulia, mama huharibu kazi.

Mwaka wa 1955, mwezi wa tano, akaja Warigia. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, mama wa mtoto mmoja, anatoka kwenye kijiji kimoja cha Hali ya Hatari upande wa Mugutha. Watu walikuwa wameondolewa kwenye mashamba yao na kurundikwa pale, nyuma ya mtaro na miti iliyochongwa ncha. Wanawake walichimba mtaro huo asubuhi hadi jioni, na saa ya kwenda kutafuta chakula ilikuwa moja tu. Warigia alimbeba mwanawe Gachanja mgongoni. Gachanja alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitano. Alikuwa ametoka kuugua surua, anahara, na miguu imeanza kuvimba.

Pale getini alimwambia daktari neno moja. Alilisema vizuri, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Daktari, huyu hajui kijiko. Mimi humtafunia. Ndizi, viazi vitamu, natafuna kwanza ndipo anakula. Kwa mkono yangu tu."

Wazee mnaonisikiliza mnajua anachosema. Wengi wetu tulilelewa hivyo. Mama anachoma ndizi, anaitafuna mpaka inalainika, anaitoa, anamtia mtoto mdomoni. Wakikuyu walifanya, Wakamba walifanya. Mama yake Kilonzo mwenyewe kule Kangundo alimlea hivyo hivyo. Lakini mtu akisoma sana kuna mambo anasahau kwa makusudi.

Kilonzo akatabasamu. "Mama," akasema, "hapa tuko na vijiko vya kutosha."

Omondi akacheka. Dresa, yule mfunga vidonda, aliyekuwa anapita akacheka. Daktari naye akacheka, maana neno lake lilikuwa tamu. Warigia akapokonywa mtoto, geti likafungwa.

Siku ya kwanza, kwenye kadi ya Gachanja, ikaandikwa: amekula. Siku ya pili: amekula. Siku ya tatu: amekula, ametulia. Kila asubuhi saa tatu daktari alipita, akasoma kadi, akaongeza dawa, akaenda zake. Miguu ikazidi kuvimba. Akabadilisha dawa. Akaandika maziwa zaidi, uji zaidi, yai. Chakula kikaletwa. Sahani zikarudi tupu. Narudia, wasikilizaji, maana hapa ndipo penye uchungu: sahani zilirudi tupu kila siku.

Siku ya saba alisahau kofia yake wodini. Akairudia saa sita mchana. Chakula kilikuwa kinagawiwa. Mfanyakazi wa wodi, Kamene, akaweka bakuli la uji kando ya Gachanja, akaweka kijiko ndani, akaenda kitanda kingine. Alikuwa na watoto arobaini. Gachanja akakiangalia kile kijiko kama unavyoliangalia jiwe. Kitanda cha pili alilala mtoto mkubwa wa miaka sita, mguu umevunjika. Akanyoosha mkono, akavuta bakuli, akanywa uji wote, akalirudisha mahali pake polepole.

Msimlaumu. Alikuwa na njaa. Siku zile ni nani hakuwa na njaa?

Kilonzo alisimama mlangoni na kofia yake. Akamwita Kamene. Kamene alikuwa Mkamba mwenzake, hakuwa na woga naye.

"Amekula?" daktari akauliza.

"Sahani hiyo hapo, daktari. Tupu."

"Nauliza huyu mtoto. Wewe umemwona akimeza?"

Kamene akamwangalia. "Daktari, wewe unakuja saa tatu. Sahani zinakuja saa sita. Wewe umemwona lini?"

Kilonzo akamchukua Gachanja, akamweka mapajani, akajaribu kumlisha kwa kidole. Alijaribu mchana wote. Mtoto alikuwa amekwisha kupita hapo. Alfajiri akafa.

Kwenye cheti ikaandikwa surua. Karani aliandika, Bibi Kengele akakubali, Kilonzo akatia sahihi. Alitia sahihi, wasikilizaji. Hatutamsafisha hapa redioni.

Warigia Jumapili ya kwanza alikuwa amenyimwa ruhusa ya kutoka kijijini. Alikuja Jumapili ya pili, na ndizi ya kuchoma ndani ya jani. Omondi, ambaye kwa mdomo wake angeweza kuuza mchanga jangwani, siku hiyo aliangalia chini, akamwita dresa. Dresa akatoka na karatasi ya kifo. Warigia alipiga ukemi uliosikika wodini. Kilonzo alikuwa dirishani. Alimwona. Hakutoka.

Siku tisa baadaye, Jumanne, akaja mama mwingine. Kijiji kile kile. Jina lake Wangeci, na mtoto wake Wakonyo, msichana wa mwaka mmoja na nusu. Miguu imevimba. Nywele zimekuwa nyekundu, laini kama za mahindi mabichi. Na Wangeci akasema maneno yale yale: "Huyu hajui kijiko."

Mara hii hakucheka mtu.

Kilonzo akaingia ofisini, akachukua kadi ya dawa. Akaandika kwa Kiingereza chake safi, mahali panapoandikwa jina la dawa: MAMA. Chini yake: mara tano kwa siku. Chini yake: pamoja na ndizi ya kuchoma, iliyotafunwa na mama mwenyewe. Akatia sahihi. Akaandika na barua kwa mkuu wa kijiji kwamba Wangeci amelazwa, asitafutwe. Kisha akamshika Wangeci mkono, akampitisha getini mchana kweupe.

Bibi Kengele aliwakuta kitandani.

"Kitu gani hii?" akapiga kelele. "Mwanamke natema chakula katika mdomo ya mtoto? Hii hospitali, hapana zizi ya ng'ombe! Mama kuja Jumapili!"

"Sista, soma kadi."

"Mimi nasoma. Hii hapana dawa."

"Nikiandika dawa kwenye wodi hii, wewe unaitoa. Ndiyo sheria yenu. Dawa ya mtoto huyu ni mama yake. Ukimfukuza mama, andika hapa kwamba umemnyima mgonjwa dawa, halafu utie sahihi. Kalamu hii."

Mtoto wa mguu uliovunjika akakaa kitako aone vizuri.

Bibi Kengele hakuichukua kalamu. "Ijumaa," akasema, "Bwana Mkubwa ya hospitali yote nakuja. Nitaambia yeye yote."

Kwa hiyo hesabuni. Jumanne mpaka Ijumaa. Kama Wakonyo hajala ifikapo Ijumaa, mama anatolewa, na mtoto anakufa mbele ya sahani kama Gachanja.

Na mtoto hakula! Jumanne jioni alikataa. Jumatano asubuhi alikataa. Unajua kwa nini? Wangeci mwenyewe alituambia, kwa sababu yuko hai na anacheka akilisimulia: "Mate yaliniisha. Nilikuwa naogopa yule mzungu, naogopa wale askari homugadi wa kijiji, naogopa daktari. Ndizi inakauka mdomoni kama vumbi. Mtoto anatema."

Kilonzo aliona. Alikuwa sasa anakaa pale sakafuni, saa za chakula zote, anaangalia midomo tu, wa mama na wa mtoto. Akafikiri. Hakuna sindano ya mate. Akaenda mlangoni, akaita:

"Omondi! Njoo huku."

"Geti niachie nani, daktari?"

"Geti ni la chuma. Litajilinda. Njoo umwambie huyu mama habari."

"Habari gani?"

"Yoyote. Wewe hukosi."

Omondi akaingia, kofia kwapani, akachuchumaa. Akaanza na habari ya mkuu wa kijiji fulani aliyekuwa akiwafokea wanawake kwenye mtaro, "chimba, chimba, mnalala!", akirudi nyuma, akirudi nyuma, mpaka akaingia mtaroni mwenyewe, bunduki juu, miguu juu. Na wanawake wakaendelea kuchimba, maana waliambiwa wasisimame! Wakamtupia udongo kidogo, kwa utii.

"Uui, Ngai!" Wangeci akasema. "Huyo ni wetu! Nilikuwa hapo!" Akaanza kucheka. Akacheka mpaka machozi. Na kwa kucheka mate yakarudi, na mdomo ukaanza kutafuna wenyewe, bila kufikiri. Wakonyo akamwangalia mama yake anavyocheka. Akanyoosha mkono. Akatia vidole viwili ndani ya mdomo wa mama, akachota, akala.

Akachota tena.

Kilonzo alijifanya anafunga kamba za viatu. Omondi aliapa mpaka kufa kwake kwamba daktari alikuwa analia.

Ijumaa Bwana Mkubwa alifika. Akamkuta mtoto ana ndizi mpaka kwenye nyusi, anapiga kelele kwa sababu mama amechelewa kutafuna. Bibi Kengele akaeleza yote kwa Kiingereza, kwa haraka. Bwana Mkubwa akasoma kadi. Akaisoma tena.

"Anakula tangu lini?"

"Tangu Jumatano," Kilonzo akajibu. "Mama yake alipopata mate."

"Mama abaki mpaka mtoto apone. Halafu sheria inarudi kama kawaida." Akamrudishia kadi. "Na wewe, Jumatatu unakwenda Ruiru."

Hivyo tu. Alikuwa ameona kwa macho yake mwenyewe, na bado sheria ikarudi kama kawaida. Hapo ndipo mtu anataka kuvunja redio.

Ruiru ya wakati huo, kwa daktari wa Makerere, ilikuwa adhabu. Zahanati ya mabati katikati ya mashamba ya kahawa na mkonge, chumba kimoja, meza moja. Lakini kabla ya kwenda, Jumapili ile, Kilonzo alivaa kofia yake, akamwambia mkewe anakwenda Mugutha.

"Nilijua anakwenda kwa nani," Mama Syokau alituambia. "Nikamwambia, Baba Mwongeli, wameandika surua. Iache iwe surua. Ukienda kusema vingine watakufukuza kazi, na huyo mama utamwongezea kidonda. Akaniambia, 'Kidonda tayari anacho. Nikinyamaza, ninacholinda ni jina langu.' Akaenda."

Alimkuta Warigia nje ya nyumba, anamenya viazi. Daktari akavua kofia. Akasema kwa Kikuyu chake chenye Kikamba ndani.

"Mama Gachanja, mtoto wako hakufa kwa surua. Alikufa kwa njaa. Chakula kilikuwa mbele yake. Wewe uliniambia pale getini, nami nikacheka. Kosa ni langu."

Warigia hakuinua macho. "Aliniita?"

Angeweza kudanganya. Ni nani angejua? "Alilia siku mbili," Kilonzo akasema. "Ya tatu akanyamaza. Sisi tukaandika ametulia."

Kisu kikasimama kwenye kiazi.

"Toka."

"Mama, mimi..."

"Toka, nisikuue na hiki kisu, halafu wanyonge mtu mwingine hapa kijijini. Toka."

Akatoka.

Miezi minne baadaye, pale Ruiru, mwanamke akaingia zahanati bila mtoto mgongoni. Alikuwa amepata kibali cha kuchuma kahawa kwenye shamba la jirani. Akasimama mbele ya meza.

"Sikukuja kwa sababu yako," Warigia akasema. "Sijakusamehe. Watoto wanakula saa ngapi?"

"Saa sita."

"Saa sita niko hapa."

Na alikuwepo. Kwanza siku moja moja, baadaye kila siku, baadaye Kilonzo akamwajiri. Alikuwepo miaka yote ya Hali ya Hatari, na miaka mingi baada ya hapo. Pale Ruiru hapakuwa na geti. Mama alilala na mtoto wake, kwenye mkeka kama kitanda hakitoshi. Kilonzo hakumlaza mtoto mezani kumpima. Alimpima mapajani mwa mama. Swali lake la kwanza lilikuwa kwa mama, "Wewe umeona nini?", na jibu aliliandika juu kabisa ya kadi, kabla ya maneno yake mwenyewe. Mama alisuuza mdomo kwa maji ya chumvi, akatafuna. Daktari alipita saa sita, wakati wa sahani. Na neno "amekula" halikuandikwa na mtu yeyote mpaka Warigia aseme amemwona mtoto akimeza. Msimamizi wa shamba alipokuja kudai wanawake warudi kwenye kahawa, alionyeshwa kadi moja baada ya nyingine, na kila kadi imeandikwa MAMA, mara tano kwa siku. Aliondoka akitukana. Na Kilonzo alimjibu, msidanganywe.

Watu wa Ruiru, na midomo yao, wakasema Warigia ni mke wa pili. Tulimwuliza Mama Syokau. Alicheka mpaka akashika kiti.

"Mke wa pili? Mke wa pili angemsalimia! Huyo hakumwita daktari hata siku moja. Alimwita 'wewe'. Nikampikia chakula cha Krismasi, akakataa kuingia. Mzee alisema, mwache, huyo ndiye mtu pekee hapa anayenijua."

Baadaye Kilonzo alikwenda ng'ambo, akarudi na cheti cha utaalamu wa watoto, na wengi wenu mnamjua kwa hilo. Sawa. Lakini utaalamu alikuwa ameshaupata sakafuni, akiangalia mdomo wa Wangeci.

Jumatatu wiki hii tulikwenda Makongeni kumtafuta Warigia. Mazishini hakupewa nafasi ya kusema. Tulimkuta kwenye duka la mwanawe aliyemzaa baadaye. Tukamwuliza kama, baada ya miaka hiyo yote, alimsamehe daktari. Akatuangalia kama watu waliopungukiwa akili.

"Nimsamehe kwa nini? Mtoto alirudi?"

Akapanga sabuni zake kwanza. Kisha akasema, na haya ni maneno yake, hatukuongeza:

"Lakini sikilizeni. Yule sista alijua. Bwana Mkubwa alijua. Karani aliyeandika surua alijua. Dresa aliyenipa karatasi hakuweza kuniangalia, kwa hiyo na yeye alijua. Nilikaa kule kijijini nikingoja mtu aje aniambie mtoto wangu alikufa na nini. Alikuja mmoja."

Wasikilizaji wapendwa, kwa Mama Syokau, kwa binti yake Mwongeli na ndugu zake, na kwa jamaa wote wa Kangundo, Thika na Ruiru: poleni sana. Na kwako, Mama Gachanja, tunakupa leo pole uliyostahili mwaka wa 1955. Imechelewa, na kuchelewa kwake ni aibu ya wengi.

Wewe unayenisikiliza jioni hii, kaa ufikirie. Pengine ni daktari, pengine ni mwalimu, pengine ni karani mwenye kalamu tu. Kuna mtu mahali fulani amepewa karatasi ya uongo, na wewe unaujua ukweli wake. Unajua na nyumba yake. Usingoje wakubwa waje kukusemea mazishini kwako kwamba hukuwahi kugombana na mtu. Vaa viatu uende.